Maji Hufuata Chumvi

Leo ukurasa wetu wa afya una jaribio. Jaribio ni kazi unayoifanya kwa mikono yako na kuitazama kwa macho yako, ili ujue jambo kwa hakika. Huhitaji kuwa umesoma sekondari. Huhitaji vyombo vya gharama. Unahitaji kiazi kimoja, chumvi, sukari, maji na vikombe vitatu.

Jaribio hili nilifundishwa shuleni katika somo la biolojia. Niliandika kwenye daftari, nikajibu mtihani, nikafaulu, kisha nikasahau. Nimelikumbuka tena kwa sababu ya mtoto mmoja aliyekaribia kufa kwa kuharisha. Kosa lilikuwa langu. Nitakueleza lilivyokuwa, ili lisitokee nyumbani kwako.

KOSA LANGU

Mimi ni mganga msaidizi wa vijijini. Nilipotoka chuoni na cheti changu nilipangiwa zahanati ya kijiji kimoja karibu na Ziwa Victoria. Mvua zilipoanza, watoto wengi waliharisha. Nikaitisha mkutano wa akina mama. Nikawaambia: "Mtoto akiharisha, mpeni maji yenye chumvi na sukari. Ni dawa nzuri." Wakapiga makofi. Mimi nikarudi zahanati nikiwa nimeridhika.

Sikuwaonyesha kijiko. Sikuwaonyesha chupa. Nilisema jina la dawa bila kusema kipimo chake.

Baada ya siku chache, alfajiri, bibi mmoja alikuja na mjukuu wake mgongoni. Mtoto alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kidogo. Aliharisha siku mbili. Macho yalikuwa yamedidimia. Alikuwa na kiu kali, hatulii, analia kwa sauti nyembamba. Mara mwili ukakakamaa. Akapata degedege.

"Shikamoo bibi. Umempa nini tangu jana?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimempa dawa uliyotufundisha. Lita moja ya maji, chumvi vijiko vitatu vya chai, sukari vijiko vitatu. Sukari ni ghali, chumvi ni rahisi, basi nikavigawanya sawa. Chumvi nilitia nyingi makusudi, dawa ipate nguvu."

Ndugu msomaji, kipimo sahihi cha chumvi kwa lita moja ya maji ni nusu kijiko cha chai. Bibi alitia vijiko vitatu. Hiyo ni mara 6 ya kipimo.

Tulimpeleka mtoto hospitali kwa pikipiki. Alilazwa siku tano. Akapona, tunashukuru. Aliporudi, bibi alinijia zahanati. Hakuja kugombana. Alikuja kuuliza.

"Mjukuu wangu, ulisema chumvi ni dawa. Nami nikatia dawa nyingi. Dawa imegeukaje sumu?"

Nilimjibu kwa maneno ya chuoni. Alitikisa kichwa kwa adabu, lakini niliona hakuelewa. Siku hiyo nilitambua kwamba kumwambia mtu si sawa na kumfundisha. Usiku nikakumbuka kiazi cha shuleni.

JARIBIO LA KWANZA: VIPANDE VYA KIAZI

Jumamosi iliyofuata niliomba nafasi katika darasa la elimu ya watu wazima. Tulikutana saa tatu asubuhi chini ya mwembe. Fanya kama tulivyofanya sisi.

1. Chukua kiazi mviringo kibichi. Kama hakuna, kiazi kitamu au papai bichi vinafaa pia. Menya.

2. Kata vipande vitatu vilivyo sawa. Urefu uwe kama kidole, unene kama penseli. Vikunje kidogo. Utaona vyote vina ugumu ulio sawa.

3. Chukua vikombe vitatu. Viandike A, B na C kwa makaa. Hapa ndipo kujua kuandika kunapofaa, maana maji yote yanafanana kwa macho.

4. Kikombe A tia maji matupu.

5. Kikombe B tia maji yenye kipimo sahihi. Kipimo hicho ni lita moja ya maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na vijiko 6 vya chai vya sukari.

6. Kikombe C ni cha maji yenye chumvi iliyozidi.

Nilipofika kwenye kikombe C nilisita. Sikutaka kumtia mtu aibu. Bibi mwenyewe alisimama, akasema, "Tia kipimo changu. Nataka kukiona." Akapima kwa mkono wake, chumvi vijiko vitatu na sukari vijiko vitatu katika lita moja, akajaza kikombe.

7. Zamisha kipande kimoja katika kila kikombe. Acha mpaka mchana.

Watu walikwenda shambani wakarudi saa nane. Tukatoa vipande kimoja kimoja. Kipande cha kikombe A kilikuwa kigumu kuliko asubuhi. Ukikikunja kinakatika kwa mlio. Kipande cha kikombe B kilikuwa kizima na kigumu pia. Kipande cha kikombe C kililegea. Ulipokishika ncha moja, ncha ya pili ilining'inia kama kamba.

Bibi alikizungusha kwenye kidole chake. Akasema polepole, "Hivi ndivyo mwili wa mtoto ulivyokuwa."

MAJI YA KIAZI YALIKWENDA WAPI?

Kiazi kimejengwa kwa vyumba vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Mfano wake ni sega la nyuki. Chumba kimoja huitwa seli. Kila seli ina maji ndani, pamoja na chumvi kidogo na sukari kidogo. Seli imefunikwa kwa utando mwembamba. Utando huu hupitisha maji kwa urahisi, lakini chumvi na sukari huzizuia kwa sehemu kubwa. Ni kama chekeche linalopitisha unga na kuzuia pumba.

Maji hupita kwenye utando kwenda kila upande. Lakini maji mengi zaidi huelekea upande ule wenye chumvi nyingi au sukari nyingi. Kwa hiyo tunasema kwa kifupi: maji hufuata chumvi.

Katika kikombe A, ndani ya kiazi palikuwa na chumvi na sukari kuliko nje. Maji yakaingia. Kiazi kikajaa, kikawa kigumu. Katika kikombe C, nje palikuwa na chumvi nyingi kuliko ndani. Maji yakatoka. Kiazi kikalegea. Katika kikombe B kipimo kilikuwa kidogo, kwa hiyo chumvi na sukari hazikuwa na nguvu ya kukinyang'anya kiazi maji yake.

Safari hiyo ya maji kupita katika utando ina jina lake. Wataalamu huiita osmosisi. Usiogope jina. Jambo lenyewe unalijua tangu zamani.

Mama anapokata kabichi au vitunguu vya kachumbari na kutia chumvi, baada ya muda bakuli huwa na maji. Hakuna aliyemimina maji. Chumvi imeyatoa ndani ya mboga. Mvuvi anapotia sangara chumvi ili apate kayabo, samaki hutoa maji mengi na kukauka, naye haozi upesi. Mchicha ulionyauka, ukiuweka kwenye maji safi, husimama tena, kwa sababu maji yameingia. Yote hayo ni osmosisi. Wewe ni mtaalamu wa zamani. Kilichokosekana ni jina tu.

SWALI LA MZEE MVUVI

Mzee mmoja mvuvi hakukubali upesi. Alisema, "Mganga, labda kiazi kimenyonya maji kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Hakuna cha utando hapo."

Lilikuwa swali zuri sana. Mtu asiyekubali upesi huwasaidia wenzake kujifunza. Kwa hiyo tukafanya jaribio la pili.

JARIBIO LA PILI: KIKOMBE CHA KIAZI

1. Chukua viazi viwili vikubwa. Kimoja kichemshe mpaka kiive. Cha pili kiache kibichi.

2. Kata kila kimoja upande wa chini ili kisimame. Menya nusu ya chini.

3. Chimba shimo upande wa juu, kama kinu kidogo. Usitoboe mpaka chini.

4. Tia kijiko kimoja cha chai cha sukari katika kila shimo.

5. Simamisha viazi hivyo kwenye sahani zenye maji. Maji yafike nusu ya kiazi tu, yasikaribie shimo. Acha mpaka kesho yake.

Asubuhi tulikuta shimo la kiazi kibichi limejaa maji ya sukari. Maji yamepanda kutoka sahani, yamepita katika seli, yamefuata sukari. Katika kiazi kilichochemshwa sukari ililowana tu. Maji hayakupanda na kujaza shimo.

Kama kiazi kingekuwa utambi tu, vyote viwili vingejaa maji. Lakini moto umeua seli za kiazi kilichochemshwa na kuharibu utando wake. Chekeche limetoboka. Haliwezi tena kuzuia kitu, na safari ya osmosisi haipo.

Mzee alicheka, akasema, "Nimekubali. Utambi hauhitaji uhai. Huu utando unauhitaji."

SASA TUTAZAME MTOTO

Mtoto si kiazi. Lakini mwili wake nao umejengwa kwa seli zenye utando, na zaidi ya nusu ya mwili wake ni maji. Akiharisha hupoteza maji, na pamoja na maji hupoteza chumvi. Kinachoua watoto wengi wanaoharisha ni kukaukiwa maji. Ndiyo sababu kazi yetu ya kwanza ni kuyarudisha.

Huenda ukauliza: "Kwa nini tusimpe maji matupu?" Maji matupu ni bora kuliko kumwacha na kiu, lakini hayarudishi chumvi iliyopotea. Chumvi peke yake nayo haiingii vizuri katika utumbo unaougua. Utumbo una mlango wa pekee. Mlango huo hupitisha chumvi na sukari zikiwa pamoja, kama watu wawili walioshikana mikono. Mtaalamu Robert Crane alieleza jambo hili mwaka 1960. Chumvi na sukari zikishapita kuingia mwilini, maji huzifuata. Unajua sasa kwa nini. Ni safari ile ile ya kiazi.

Ndiyo maana sukari katika dawa hii si ya utamu tu. Sukari hufungua mlango, chumvi huingia nayo, maji hufuata.

Dawa hii ilionyesha nguvu yake mwaka 1971. Wakati huo vita vya Bangladesh vilifukuza watu wengi kwenda India. Katika kambi ya Bongaon kipindupindu kilizuka, na maji ya kutundika mshipani yakapungua. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya chumvi na sukari ya glukosi katika maji safi, kwa kipimo, na ndugu za wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Vifo vilishuka kutoka kama 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Walionywesha walikuwa watu wa kawaida kama wewe. Waliokoa maisha kwa sababu walikuwa na kipimo.

KIPIMO KIKIZIDI

Chumvi ikizidi, mambo mawili hutokea. Kwanza, maji makali ya chumvi ndani ya utumbo huvuta maji kutoka mwilini. Mtoto huharisha zaidi. Pili, chumvi inayoingia katika damu huvuta maji kutoka ndani ya seli, hata seli za ubongo. Hapo ndipo degedege huja. Ni kikombe C ndani ya mtoto.

Sukari ikizidi ina ubaya pia. Nayo huvuta maji kwenda katika utumbo. Kwa hiyo usimpe mtoto anayeharisha soda wala maji ya matunda yaliyotiwa sukari nyingi ukidhani unamtibu.

Dawa hii haizidi nguvu kwa kuongeza chumvi. Nguvu yake ni kipimo.

JINSI YA KUTENGENEZA

Iliyo bora ni pakiti ya ORS kutoka zahanati au duka la dawa. Soma pakiti inasema maji kiasi gani. Pakiti nyingi ni za lita moja. Usigawe pakiti kwa kukisia, na usitie maji pungufu. Kama huna pakiti, fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni.

2. Chemsha maji, yaache yapoe. Pima lita moja. Chupa mbili za nusu lita ni lita moja. Soma maandishi kwenye chupa uhakikishe.

3. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kijiko kisawazishwe kwa kisu, kisiwe na kilima.

4. Onja kabla ya kutia sukari. Maji yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi machozi, yamwage, anza upya.

5. Tia vijiko 6 vya chai vya sukari, navyo visawazishwe. Koroga mpaka iyeyuke yote.

6. Funika. Baada ya saa 24 mwaga yaliyobaki, tengeneza mengine.

Mtoto wa chini ya miaka 2 mpe robo hadi nusu kikombe kikubwa kila anapoharisha. Mkubwa zaidi mpe nusu hadi kikombe kizima. Mnyweshe polepole kwa kijiko au kikombe safi. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole zaidi.

Usimwachishe ziwa. Anayekula aendelee kula. Mpeleke zahanati apewe pia vidonge vya zinki. Mtoto wa miezi 6 na zaidi hupewa miligramu 20 kwa siku, na wa chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14. Mpe mpaka zimalizike hata kama ameacha kuharisha.

USINGOJE UONAPO HAYA

Mpeleke mtoto zahanati au hospitali mara moja kama amelegea au haamki vizuri, kama hawezi kunywa, kama anatapika kila kitu, kama ana damu katika choo, au kama amepata degedege. Finya ngozi ya tumbo lake taratibu kisha achia. Ikirudi polepole, amekaukiwa maji. Macho yaliyodidimia ni dalili pia. Endelea kumnywesha njiani kama anaweza kunywa.

KUZUIA NI BORA

Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Kazi ile haijazeeka. Choo, maji yaliyochemshwa na mikono iliyonawiwa vinazuia kuharisha kabla ya kijiko cha chumvi kuhitajika.

Sasa katika zahanati yetu simwachi mama aondoke mpaka amepima chumvi mwenyewe mbele yangu. Mezani pana vikombe vitatu vyenye herufi A, B na C. Bibi yule huja siku za kliniki. Mama kijana akichota chumvi kijiko kikajaa kilima, yeye husema, "Mwanangu, sawazisha kijiko hicho. Mimi nilizidisha, nikamwona mjukuu wangu akilegea." Nimeona wanamsikiliza yeye kuliko mimi.

Ndugu msomaji, fanya jaribio la kiazi wiki hii pamoja na watoto wako na jirani zako. Baada ya jaribio, kiazi cha kikombe C wape kuku. Kipimo chako kibandike ukutani karibu na jiko.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini kipande cha kiazi katika kikombe C kililegea?

2. Kwa nini maji hayakujaza shimo la kiazi kilichochemshwa?

3. Sukari ina kazi gani katika maji ya mtoto anayeharisha?

4. Lita moja ya maji hutiwa chumvi kiasi gani, na sukari kiasi gani? Kila mmoja apime mbele ya wenzake.

5. Nani katika kijiji chetu hajaonyeshwa kipimo hiki? Nani atakwenda kumwonyesha, na lini?